Shamba Linalonuka Limau

Jumatatu, 1 Aprili 2024

Jumatatu ya Pasaka. Mvua tangu saa tisa za usiku. Nimehesabu miche ya malimau nikapata kumi na sita. Jana ilikuwa kumi na saba. Jirani anasema mbuzi wake hali malimau. Mbuzi mwenyewe, mweupe, alikuwa amesimama kando yake akitafuna. Tumekubaliana kwamba aliyekula ni mbuzi mwingine.

Niandike kwanza kwa nini nina malimau, maana mke wangu anasema nikifa leo hakuna atakayeweza kueleza. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku, hapa hapa Kehancha, na ekari moja ya tumbaku nikalima mwenyewe. Kampuni ilitukopesha mbegu, mbolea na dawa, kisha siku ya mauzo ikakata chake kwanza. Madeni ya wenzangu niliyaandika mimi, kwa mwandiko mzuri. Langu niliandika kwa mwandiko mbaya, lakini lilisomeka. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, lile la afya, la kilimo na la mpango wa chakula, yakaleta kaunti yetu ya Migori mradi wa kuwatoa wakulima kwenye tumbaku na kuwatia kwenye maharagwe ya Nyota, yenye madini mengi ya chuma. Nikaingia. Maharagwe nilishauriwa na wataalamu. Malimau nilijishauri mwenyewe.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeona vinyesi vya ndege kwenye majani ya miche sita. Nikakifuta kimoja kwa kidole. Kinyesi kikatembea.

Nimepeleka kimoja kwa kijana wa agroveti ndani ya kiberiti. Anasema ni kiwavi wa kipepeo wa malimau, na kwamba akiwa mdogo hujifanya kinyesi ili ndege wasimle. Akikua anakuwa wa kijani. Ukimgusa, anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa juu ya kichwa, na pembe hizo zina harufu. Nilimwuliza harufu gani. Akasema niende nikaguse.

Nilikwenda nikagusa. Ni harufu ya limau lililosahauliwa mfukoni tangu mwaka jana. Kipepeo mwenyewe ni mzuri sana, mweusi na manjano, na wiki iliyopita mke wangu alikuwa akimsifu.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nimekosea kusema jambo sokoni.

Katikati ya malimau kumeota majani ambayo sikuyapanda. Yalikuja na samadi ya mbuzi, yamefika magotini, na ukiyafikicha yananuka kama ganda la chungwa lililosuguliwa kwa dawa ya kikohozi. Nimeyaacha kwa sababu wazee walituambia yanafukuza minyoo ya mizizi, na kijana wa agroveti akasema hilo walifundishwa hata chuoni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Kule Peru wanayatia kwenye mchuzi. Afrika Kusini wanayaita kichaka cha kaki, maana inasemekana yalifika na lishe ya farasi wa askari wa Kiingereza wakati wa vita na Makaburu. Sisi tunayaita bangi-mwitu. Wakikuyu nao wanayaita mubangi. Hakuna aliyefikiri kuyapa jina lisilo na matatizo.

Basi nimesimama kwa muuza nyanya, mzee mwenzangu akaniuliza kwa sauti, maana masikio yake ni mazito, "Karani, siku hizi shambani una nini?" Nikamjibu kwa sauti ile ile, "Malimau! Na katikati nimeacha bangi-mwitu!" Neno "mwitu" lilimezwa na pikipiki iliyopita bila bomba la moshi.

Muuza nyanya aliniongezea mbili bila kuombwa.

Jumapili, 7 Aprili

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi. Kwa kawaida tunabanana watu saba. Leo tulikuwa wawili, mimi na mke wangu. Nje, vijana wanne ambao hawajawahi kuniamkia wameniamkia, mmoja akiwa amevua kofia.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Wavulana wamepita barabarani wakipiga kelele, "Karani! Tingiza mti!" Nilidhani wanataka malimau. Nikawaambia miti bado haijazaa. Wakacheka sana.

Mke wangu ndiye aliyenikumbusha. Ni wito wa kampeni wa Profesa George Wajackoyah, aliyegombea urais mwaka 2022 kwa chama cha Roots akiahidi kwamba bangi italipa madeni ya taifa. Alipata kura 61,969 nchi nzima. Nilizifuatilia kwenye redio wakati ule kwa sababu ya mazoea ya mizani, sipendi jumla isiyofungwa. Sasa naona waliompigia wote wanapita mbele ya lango langu.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Mpwa wangu amepiga simu kutoka Likoni. Yeye si Mwislamu lakini leo ana mapumziko. Kwa miaka miwili hakupiga.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimesikia habari nzuri."

Nikamwambia ni kweli, nimeacha tumbaku. Akasema hiyo ameisikia, lakini amesikia na ile nyingine, ya limau. Nilifurahi. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuniuliza habari za malimau. Nikamweleza yote. Kwamba limau la kisasa hupandikizwa juu ya shina la limau kali, maana limau kali lina mizizi migumu. Kwamba maji yakisimama, shina linaoza kwenye shingo na kutoa gundi. Akawa anasema "sawa, sawa" kama mtu anayeandika. Kisha akauliza kama naweza kumtumia mbegu, chache tu, na kama naweza nisiandike kwenye kifurushi ni mbegu za nini.

Nikafikiri ni heshima ya mjini.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimetoa mbegu hamsini kwenye malimau kali ya mti wa nyuma ya jiko. Mbegu za limau hazipendi kukauka, kwa hiyo nimezifunga kwenye karatasi yenye unyevu, nikazitia kwenye kopo la majani ya chai. Juu sikuandika kitu, kama alivyoomba. Kijana wa vifurushi pale stendi akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia mbegu. Akauliza za nini. Nikamwambia za limau. Akanitazama, akatazama kopo, akasema, "Mzee Karani, mimi sijaona kitu," na akakataa hela yangu.

Jumanne, 16 Aprili

Mche niliokuwa nikijivunia kuliko yote, wa kona ya mashariki, umegunduliwa na kijana wa agroveti kuwa si limau la kisasa. Tawi lililopandikizwa lilikufa zamani. Kilichokua ni shina la chini, limau kali lenyewe, na miiba yake. Nimelimwagilia maji na kulisemesha kwa miezi minane.

Mingine inatoa majani yenye vidonda vidogo vya kuvimba. Hao ni chawa wa malimau, ambao kwa bahati mbaya hupenda sehemu zenye ubaridi na mvua kama yetu, na ndio wanaosambaza ugonjwa wa kugeuza miti kuwa ya manjano. Nikauliza dawa ya ugonjwa huo. Akasema dawa ni kung'oa. Alisema bila kunitazama, kama daktari.

Jumatatu, 22 Aprili

Naibu wa chifu amekuja na watu wawili wa nyumba kumi, panga moja na mwavuli mmoja. Niliwakaribisha ndani. Walisema hapana, wangependa kuanzia shambani.

Naandika mazungumzo kama yalivyokuwa, iwapo yatahitajika.

Alianza na sheria. Alisema kuna sheria ya mihadarati ya mwaka 1994, na kwamba kupanda bangi ni faini ya shilingi elfu hamsini. Nikamsahihisha. Nikamwambia ni elfu mia mbili na hamsini, au mara tatu ya thamani ya mmea wenyewe, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichozidi miaka ishirini, au vyote viwili. Nilisema hivyo kwa sababu siwezi kuvumilia hesabu mbaya. Yule wa panga akamtazama yule wa mwavuli.

"Umeijuaje hivyo, Mzee Karani?"

Nikasema nilikuwa karani.

Tukafika kwenye bangi-mwitu. Sasa imefika kiunoni. Nikamwambia, "Mkubwa, tazama jani. Hili vijani vyake vimepangwa pande mbili za kijiti, kama unyoya wa kuku. La bangi yenyewe hutoka sehemu moja kama vidole vya mkono, vitano, saba, wakati mwingine tisa." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nimeviona wapi hivyo vidole tisa, na ni nani aliyevihesabu.

Hapo ndipo mke wangu alipotoka na chai, nadhani makusudi.

Baada ya chai alichuma jani, akalifikicha, akanusa. "Hii inanuka chungwa."

"Ndiyo."

"Mwanangu wa chuo ananiambia siku hizi iko bangi ya wazungu, ya Amsterdam, inanuka limau."

Nikataka kumweleza alichonieleza kijana wa agroveti: kwamba ile harufu ya ganda la limau inatokana na mafuta yanayoitwa limonini, na mafuta hayo hayachagui, yapo kwenye chungwa, kwenye bangi-mwitu na kwenye bangi yenyewe pia. Nikafika katikati ya sentensi nikaona inakoelekea. Nikamalizia kwa kumwuliza kama ataongeza sukari.

Wameondoka na mashina matatu, wameyafunga kwenye gazeti, kwenda kuyaonyesha "wanaojua". Walipofika kwenye mto mdogo mvua ikawapiga. Nimeambiwa gazeti lilipasuka, na kwamba naibu wa chifu amepita katikati ya Kehancha ameyashika mkononi.

Jumatano, 24 Aprili

Sasa naibu wa chifu naye anaamkiwa na vijana.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua imezidi. Redio inasema kule Nyatike mto Kuja umeingia kwenye nyumba za watu. Shule zilikuwa zifunguliwe jana, zimeahirishwa wiki moja. Wajukuu wanne wako kwetu. Leo sina la kucheka.

Jioni mkubwa wao aliniuliza kama ni kweli babu yake ni tajiri.

Jumamosi, 4 Mei

Shule zimeahirishwa tena, safari hii bila tarehe.

Mke wangu amefungua gunia la maharagwe ya msimu uliopita. Yana matundu. Kila punje imechomwa kwa usahihi kama kazi ya fundi wa meno, na ndani kuna mdudu mmoja amekaa kama mpangaji aliyelipa. Maharagwe yale yana madini ya chuma, na mimi nilidhani yangemshinda.

Hakuniambia kitu. Alikwenda shambani, akakata bangi-mwitu fungu zima, akaitandaza juu ya paa la banda la kuku wakati jua lilipochungulia. Ikanyesha. Akaianua. Akaitandaza tena. Mara tano. Wajukuu wamelala na harufu ya machungwa, na mmoja anasema kiroboto wake amehama.

Jumanne, 7 Mei

Mkewe naibu wa chifu amekuja kwa mlango wa nyuma. Amepewa fungu kwa ajili ya maharagwe yake. Akaomba mfuko usioonyesha ndani.

Ijumaa, 10 Mei

Serikali imetangaza leo siku ya mapumziko, kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko, na kila mtu apande miti. Naibu wa chifu amepita nyumba hadi nyumba akiwahimiza. Kwangu alisimama sana. Nilipanda mche mmoja wa limau mahali pa ule ulioliwa, akanipiga picha kwa simu yake, nimechuchumaa, mkono mmoja juu ya mche. Ametuma kwenye kundi la kata ili ionekane kazi imefanyika.

Mjukuu amenionyesha picha hiyo. Mche hauonekani. Naonekana mimi, nimetabasamu, na nyuma yangu bangi-mwitu imesimama hadi kifuani, imechanua. Chini yake naibu wa chifu ameandika: "Mzee wetu wa mfano."

Majibu ya watu yalikuwa mengi. Mke wangu aliniomba nisisome zaidi ya kumi.

Jumapili, 12 Mei

Mpwa amepiga kutoka Likoni. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Alisema mbegu ziliota vizuri, arobaini na moja. Aliziotesha kwenye makopo juu ya paa, chini ya tangi la maji, mahali ambapo mwenye nyumba hafiki. Kisha masika ya Pwani yakaja. Likoni, anasema, hewa yenyewe unaweza kuikamua. Mkate ukikaa siku mbili unaota ndevu, viatu vya ngozi vinaota manyoya ya kijani, na kitanda kinalala kimelowa kabla yake. Wiki iliyopita miche ilianza kuinama mmoja mmoja, shingo zimelegea na kuwa nyembamba kama uzi, na juu ya udongo kuna utando mweupe kama wa buibui. Alinunua feni akaielekeza kwenye makopo. Ikapeperusha utando kwenye makopo yaliyokuwa mazima.

Nikamwuliza kama makopo yana matundu chini. Hayana. Nikamwuliza anamwagilia saa ngapi. Usiku, ili asionekane. Nikamwambia hapo ndipo shida ilipo. Miche amwagilie asubuhi ili udongo upate kukauka juu mchana, makopo yatobolewe, yatenganishwe hewa ipite, na apunguze mapenzi, kwa sababu miche mingi mijini hufa kwa kunyweshwa kuliko kwa kiu.

Alinisikiliza. Kisha akauliza, "Mjomba, zikipona, navuna lini?"

"Ukizipandikiza vizuri, miaka mitatu. Ukiziacha zilivyo, hesabu sita au zaidi."

Kimya. Nikasikia feni.

"Mjomba, miaka?"

"Limau halina haraka."

"Mjomba, kwani ulinitumia nini?"

"Mbegu za limau."

"Ya kuvuta?"

"Limau halivutwi. Linakamuliwa."

Alikaa kimya mpaka salio lake likaisha. Baadaye alituma ujumbe kwamba feni atabaki nayo, na kwamba ndugu zake wote Mombasa wanajua mimi ni nani sasa, na nisijali, hawatasema. Mama yake, ambaye ni dada yangu, amenitumia ujumbe wake mwenyewe. Sitauandika hapa.

Jumatatu, 13 Mei

Shule zimefunguliwa. Wajukuu wameondoka asubuhi wakinuka machungwa. Saa nne mwalimu alipiga simu kuuliza kwa upole wamekula nini.

Jumatano, 15 Mei

Wale "wanaojua" wamejibu. Naibu wa chifu amekuja kunipa majibu, peke yake, bila panga. Mmea si bangi. Ni gugu, na tena liko hata nyuma ya ofisi yao. Nikasema ahsante. Akasema hakuna haja ya kulitangaza kwa baraza, watu wasije wakadhani alikosea. Nikamwomba basi walau awaambie wale vijana. Akasema vijana wamekuwa na adabu sana mwezi huu, wizi wa kuku umepungua upande wetu, na yeye kama kiongozi asingependa kuvuruga.

Kabla ya kuondoka aliuliza kama yamebaki mafungu ya maharagwe. Tumempa mawili. Hakuyafunika. Amepanda bodaboda ameyapakata, mchana kweupe, yakipepea pande zote mbili, na mwenye pikipiki akapiga honi mpaka sokoni.

Alhamisi, 16 Mei

Tangu jana jioni wamekuja watu kumi na mmoja kuulizia bei. Nimewaambia wote kwamba ni majani ya kuweka kwenye maharagwe, na ni bure. Saba walikonyeza jicho wakaniuliza bei ya kweli. Watatu walikasirika. Mmoja, mama mzee kutoka upande wa Masaba, alichukua fungu lake akaenda. Ndiye pekee aliyekuwa na maharagwe.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imeacha saa nne asubuhi. Mke wangu amefungua gunia, ametia mkono hadi kwenye kiwiko, ametoa konzi tatu. Hakuna mdudu mpya. Wa zamani wako pale pale, wamekufa wamekaa.

Nimehesabu miche. Pamoja na ule wa serikali inapaswa kuwa kumi na saba. Iko kumi na tano. Nyayo kwenye tope ni za mbuzi, na kwenye waya kuna unyoya mweupe. Bangi-mwitu hakuigusa hata jani.